Herufi Nyekundu za Stranger Things

Tuanze na tarehe. Hadithi ya Stranger Things inaanza Indiana, Novemba 1983. Mapacha walioitunga, Matt na Ross Duffer, walizaliwa 1984. Sasa hapo wanakumbuka nini? Filamu, jamani! Watoto na baiskeli zao wametoka kwenye E.T. ya 1982. Herufi nyekundu zinazosogeleana polepole gizani zinamfuata Richard Greenberg, aliyebuni utangulizi wa Alien (1979), jina likijitokeza kistari kwa kistari. Fonti yenyewe ni ya Ed Benguiat, ile ile iliyopamba majalada ya vitabu vya Stephen King. Kwa hiyo hii si miaka ya themanini yenyewe; ni kumbukumbu ya kanda za video. Ndiyo maana hata sisi tusioijua Indiana tunaikumbuka.