Swali Lililotangulia Tundu: Kilifi na Usomaji wa Virusi

Mwaka 1989 mwanasayansi Mmarekani David Deamer alichora katika daftari lake wazo lililoonekana la ajabu: uzi wa DNA ukivutwa kwa umeme kupitia tundu la protini, herufi zake huenda zikasomeka moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza zilianza kazi ya pamoja katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Mambo haya mawili hayakujuana. Yalipokutana Pwani wakati wa korona, sifa nyingi zilikwenda kwa mashine. Nionavyo mimi, mashine ilikuta kazi imekwisha kuanza.

Tundu lenyewe ni la kustaajabisha, hilo halina ubishi. Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilitumia alfa-hemolisini, sumu ambayo bakteria Staphylococcus aureus huitumia kutoboa chembe za mwili. Protini hiyo hupachikwa katika utando usiopitisha umeme, maji ya chumvi yakiwa pande zote mbili, na mkondo wa umeme hupita tunduni pekee. Uzi ukiingia, mkondo hupungua, na kila kikundi cha herufi huuziba kwa kiasi chake. Protini nyingine huushika uzi usipite kwa pupa, nayo kompyuta hugeuza mabadiliko ya mkondo kuwa herufi. Kufikia 2015 kifaa cha MinION, kinachoenea kiganjani, kilikuwa Guinea kikisoma virusi vya Ebola.

Lakini tundu haliulizi sampuli imetoka kwa nani, lini, wala wapi. Kilifi ilianza kuyauliza hayo mapema. Tangu mwaka 2000 wahudumu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandikisha vizazi, vifo na wahamaji. Mwaka 2009 na 2010, katika kaya 47, walichukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi sita ili kujua virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, humfikiaje mtoto mchanga. Ilibainika kwamba mara nyingi huletwa na kaka na dada zake, hasa wanaosoma. Korona ilipoingia, swali lilikuwa lilelile: nani kamletea nani? Kwa teknolojia hiyo ya tundu, ya kampuni ya Oxford Nanopore inayotengeneza MinION, wataalamu wa Kilifi walisoma jenomu 311 kutoka Pwani, za kati ya 17 Machi na 31 Julai 2020. Nasaba ya B.1 ilikuwa asilimia 74; nasaba A, B na B.4 zilionekana kwa wasafiri waliorejea na kwa waliopimwa mpakani na Tanzania. Bila kujua historia ya safari ya mtu, herufi hizo zisingemweleza yeyote virusi vimepita njia gani.

Yuko atakayesema Kilifi ni mtumiaji tu, kwa kuwa vifaa na sehemu kubwa ya fedha hutoka Uingereza. Utegemezi huo ni wa kweli na ni hatari, ila kununua kifaa hakumpi mtu rekodi za miaka ishirini. Mwingine atasema tundu hukosea herufi. Hukosea, na ndiyo maana kipande kimoja husomwa mara nyingi, kisha nakala zikalinganishwa. Pingamizi zito zaidi lilitoka vijijini: uvumi wa mumiani, na hofu kwamba damu inauzwa. Hofu hiyo haikutulizwa na mashine yoyote. Kituo cha Kilifi kililazimika kuketi na wenyeji, kueleza, kusikiliza lawama, na kufanya kazi na wawakilishi waliochaguliwa na jamii. Kwa hiyo anayetaka maabara ya namna hii kwingineko Afrika Mashariki asianzie dukani. Aanze na daftari la kaya na ridhaa ya wenyeji. Kifaa kitanunuliwa baadaye.