Isoma za sotaloli

Sotaloli ni dawa ya moyo inayotumika kutibu na kuzuia midundo isiyo ya kawaida ya moyo. Ni mojawapo ya vizuizi vya beta. Dawa hii ni mchanganyiko wa aina mbili za molekuli kwa kiasi sawa, yaani d-sotaloli na l-sotaloli. Kila moja ni kama taswira ya nyingine katika kioo. Aina hizo hazifanyi kazi sawa mwilini, na d-sotaloli ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa wa moyo, vifo viliongezeka.

Muundo

Molekuli ya sotaloli ina atomi moja ya kaboni iliyoungana na vikundi vinne tofauti. Vikundi hivyo vinaweza kupangwa kwa namna mbili zisizolingana hata zikigeuzwa vipi, kama vile glavu ya mkono wa kushoto isivyoenea mkono wa kulia. Molekuli za jozi kama hiyo huitwa enantioma. Zina fomula moja, uzito mmoja na kiwango kimoja cha kuyeyuka. Mwanakemia Mfaransa Louis Pasteur alikuwa wa kwanza kutenganisha enantioma, mwaka 1848.

Utendaji

Sotaloli hufanya kazi kwa njia mbili:

- Kuzuia vipokezi vya beta. Vipokezi hivi ni protini zinazopokea adrenalini, ambayo huuharakisha moyo. Kwa kuwa protini nazo zina umbo la upande mmoja, l-sotaloli hushikana navyo vizuri, lakini d-sotaloli hushikana navyo kwa udhaifu sana.
- Kuziba njia za potasiamu katika seli za moyo. Kazi hii hufanywa na aina zote mbili kwa nguvu inayokaribiana. Seli huchelewa kuwa tayari kwa pigo linalofuata, na kipimo cha umeme wa moyo huonyesha kurefuka kwa muda wa QT.

Kurefuka huko kunaweza kukomesha baadhi ya midundo mibaya. Kukizidi, kunaweza kuanzisha mdundo wa kasi wa ventrikali unaoweza kuua. Hatari huongezeka moyo ukipiga polepole au potasiamu ikipungua katika damu.

Historia

Sotaloli ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960 kama kizuizi cha beta. Mwaka 1970 Bramah Singh na Miles Vaughan Williams wa Oxford, Uingereza, walieleza kwamba inarefusha pia shughuli ya umeme katika seli za moyo.

Vizuizi vya beta vinaweza kubana njia za hewa za wenye pumu na kudhoofisha zaidi moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo ilidhaniwa kwamba d-sotaloli peke yake ingetuliza mdundo bila madhara hayo.

Wazo hilo lilipimwa katika utafiti ulioitwa SWORD, uliochapishwa mwaka 1996. Ulihusisha wagonjwa 3,121 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao mioyo yao ilisukuma damu kwa udhaifu. Kati ya 1,549 waliopewa d-sotaloli walikufa 78 (asilimia 5.0), kati ya 1,572 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 48 (asilimia 3.1). Utafiti ulisitishwa mapema. Vifo vya ziada vilihusishwa hasa na midundo mibaya ya moyo.

Katika utafiti wa mwaka 1982, sotaloli yenye aina zote mbili haikuongeza vifo baada ya mshtuko wa moyo. Hata hivyo wagonjwa wa tafiti hizo mbili walitofautiana, hivyo matokeo yake hayawezi kulinganishwa moja kwa moja.

Matumizi

Sotaloli inayotumika hospitalini ni ile yenye aina zote mbili. Kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa dawa chini ya uangalizi, huku muda wa QT ukipimwa. Kwa kuwa dawa hii hutolewa mwilini na figo bila kubadilishwa, kipimo chake hupunguzwa kwa wenye ugonjwa wa figo.