Udaga wa Haraka: Maradhi ya Miguu Tarime Mwaka 1985

Kabla ya muhogo kutamalaki katika mashamba ya Tarime na Serengeti, Tanzania, wimbi na mtama ndivyo vilivyokuwa chakula cha Wakurya na jirani zao Wangoreme na Waikoma. Ukaja utawala wa kikoloni ukawaamrisha watu kulima muhogo uwe akiba ya njaa, kwa kuwa hustahimili ukame, na ule mchungu nguruwe mwitu hawaupendi. Uchungu huo ni dalili ya linamarini, ambayo mzizi ukipondwa hutoa sianidi. Kina mama walijua dawa yake: kumenya, kuvundika siku kadhaa hata ukungu uote, kisha kukwangua, kuponda na kuanika, ukawa udaga usio na madhara. Ilimu hiyo, ijapokuwa haikuandikwa kitabuni, naihesabu kuwa tiba kamili.

Mwaka 1985, ukame ulipowabana watu wa Tarime, siku za kuvundika zilikatwa, kwani mwenye watoto wanaolia hawezi kuungoja ukungu. Ndipo mtu aliyekuwa mzima, aghalabu mtoto au mwanamke wa umri wa kuzaa, alipokakamaa miguu yote miwili kwa ghafula, akatembea kwa ncha za vidole au asitembee asilani. Na hali hiyo haikuzidi wala haikuondoka.

Matabibu William Howlett na Glen Brubaker, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Hans Rosling wa Uswidi, waliyachunguza maradhi hayo, na mwaka 1990 taarifa yao ikatoka katika jarida la Brain. Hayakuwa Guillain-Barré, ambayo kingamwili za mtu huishambulia mishipa yake mwenyewe ya fahamu, kwani huko viungo hulegea na wengi hupata nafuu. Yalikuwa konzo, ulemavu uhusianao na sianidi ya muhogo, aliyoieleza tabibu Trolli huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, na iliyowalemaza watu zaidi ya 1,000 Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Mwili huizimua sianidi kwa salfa itokayo katika samaki, nyama na maharage, vitu ambavyo njaa huviondoa kwanza mezani. Basi fukara alipatwa mara mbili, kwa sumu aliyoila na kwa kitoweo alichokikosa. Kumlaumu mama aliyeharakisha udaga ni dhuluma.

Baadaye Howard Bradbury wa Canberra alionyesha kwamba unga ukilowanishwa, ukatandazwa mwembamba kivulini kwa saa 5, sehemu kubwa ya sianidi hutoka hewani. Saa 5 hata mwenye njaa huweza kuzingoja.