Kabla ya Kununua Kompyuta ya Mtumba, Soma Nambari Zake

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi hapa Mombasa hunitumia picha za vibandiko vya kompyuta za mtumba: “Core i5, RAM 4GB, 500GB. Ninunue?” Kibandiko kama hicho kimenyamazia mambo mawili, nayo ndiyo yanayokula pesa za watu.

Kwanza maana ya maneno. Mtazame fundi wa kanzu. Fundi mwenyewe ndiye prosesa, mfanya kazi. Meza yake ni RAM: iko juu yake ile nguo anayoshona sasa hivi. Kabati la vitambaa ndilo hifadhi. Kompyuta ikizimwa, cha mezani hupotea, cha kabatini husalia. Kwa hiyo muuzaji akikwambia “memori yake 500”, anakuonyesha kabati na wewe waulizia meza.

RAM ya 4GB siku hizi ni meza finyu. Mwanafunzi akifungua kurasa kadhaa za intaneti, Word na darasa la Zoom, kompyuta hugeuza sehemu ya hifadhi kuwa meza ya ziada, na hapo ndipo inapokwama. Tafuta 8GB. Ukipewa 4GB, uliza kama yaongezeka. Baadhi ya zile nyembamba RAM yake imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi.

Sasa yaliyonyamaziwa. La kwanza ni kizazi cha prosesa. Jina Core i5 lilianza mwaka 2009, kwa hivyo peke yake halikwambii umri wa kitu. Soma nambari inayofuata: i5-3320M ni kizazi cha tatu, ya 2012, i5-8250U ni kizazi cha nane, ya 2017. Ikianza na 10 au 11, hesabu tarakimu zote mbili. Tofauti hiyo si ya urembo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hukataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Wako mafundi wanaoilazimisha ikaingia. Itawaka, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho ya usalama. Mimi i3 ya kizazi cha nane naichagua mbele ya i5 ya kizazi cha tatu, hata muuzaji acheke.

La pili ni aina ya hifadhi. Hadi diski ina sahani inayozunguka na kijisindano kinachosaka data juu yake, kama santuri ya zamani. SSD haina kinachozunguka: yafungua mambo upesi zaidi, na haidhuriki kwa urahisi begi likigongwagongwa ndani ya matatu. SSD ya 256GB ni bora kuliko hadi diski ya 500GB. Na kama nyumbani kuna mashine nzee iliyochoka, jaribu kuibadilishia diski kwanza kabla ya kuitupa.

Dukani, iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue palipoandikwa Performance. Utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, na kama diski ni SSD au HDD. Muuzaji akikataa kuiwasha, mwachie mwenyewe.