Kichaka cha Zogoyogo

Siku kinda wa zogoyogo anapotoka kiotani, mkia wake bado ni kishina tu na mbawa hazijapata nguvu. Hupanda ukingo wa kiota, huyumba, kisha hudondokea tawi la chini na kuling'ang'ania. Kuruka kwenyewe kutakuja baadaye. Kwa siku kadhaa atahama tawi hadi tawi, akilialia, huku wakubwa wakimletea wadudu. Pakiwa wazi, paka au mwewe hatamwacha afike jioni. Ndiyo maana historia ya ndege huyu katika vilima vya Machakos ni historia ya vichaka.

Zogoyogo wa hapa ana jina la daktari. Daktari huyo, Sidney Hinde, aliwahi kupigana Kongo katika jeshi la Mfalme Leopold dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Manyema, kisha akaja kutumikia serikali ya Waingereza huku Ukamba. Machakos, mji uliopata jina lake kwa Mzee Masaku aliyesifika kwa utabiri, ulikuwa na ngome ya Kampuni ya Waingereza tangu 1889, na ulikuwa makao ya utawala wa Ukamba. Reli ikapita mbali, kwenye mbuga za Athi, na mwaka 1899 mtawala wa Ukamba, John Ainsworth, akahamishia ofisi yake Nairobi. Mwaka uliofuata Bowdler Sharpe wa makumbusho ya London alimwandika ndege mpya kutoka pande hizo: wa kahawia, jicho jekundu, na madoa meupe yaliyotapakaa ovyo hivi kwamba ni vigumu kupata wawili wanaofanana. Akamwita kwa jina la Hinde. Ndege huyu hapatikani nje ya Kenya.

Wakati huo mabonde yalikuwa na vichaka vya asili. Miaka ya 1930 hali ilikuwa nyingine: ng'ombe wengi, ardhi finyu kwa sababu walowezi walikuwa wameshachukua sehemu, na mvua ikichimba makorongo kila msimu. Serikali iliona dawa ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalazimika kulegeza mpango wake. Leo jina lake liko kwenye mtaa katikati ya Nairobi, na wengi wanaoupita hawajui habari za ng'ombe.

Kilichookoa udongo kilikuwa jembe. Matuta ya *fanya juu* yana jina la Kiswahili kila yanakotajwa duniani: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe. Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980 watu wa wilaya ya Machakos, Makueni ikiwemo, waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi milioni 1.4, na bado mmomonyoko ukapungua. Kwa mkulima huo ni ushindi. Kwa zogoyogo, kila ngazi mpya ya mahindi ilikuwa kichaka kimoja kilichofyekwa.

Aliyemkinga ni mgeni asiyependwa. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki iwe ua na pambo la bustani. Ndege kama shorewanda wakala matunda yake na kutapanya mbegu, nayo ikavamia kingo za mito na miteremko mikali isiyolimika. Ng'ombe akiila huugua ini, kwa hiyo mkulima anayeikata ana haki yake. Lakini miiba na matawi yake yaliyosokotana ndiyo makao ya zogoyogo leo: humo hujenga kiota, na humo kinda hudondokea tawi lake la kwanza.

Kinda hawi peke yake. Zogoyogo huishi kwa jamaa, na wasiozaa msimu huo hushiriki kulisha watoto wa wenzao. Mtu akikaribia, kundi zima hupiga kelele kama wake wenza kisimani. Mtoto anayemwokota kinda chini ya ua akidhani ametupwa, kwa kawaida anamnyang'anya jamaa waliosimama mita chache wakimtazama.

Wataalamu wa ndege wameyaorodhesha mabonde ya Machakos kuwa maeneo muhimu kwa uhai wa ndege huyu, ambaye sasa amo katika orodha ya walio hatarini. Mengi ya maeneo hayo ni mashamba ya watu, bila ua wala askari. Msimu wa kutayarisha shamba, panga linaposhuka kuelekea mtoni, mkulima hufyeka hadi pale mteremko unapomshinda. Chini ya hapo lantana inabaki, na kelele za jamaa zinasikika.