Mzinga wa Mbao

Majirani zangu hapa Kibiti waliponiona nimepasua gogo refu la mninga na kulichimba mfereji katikati, walipeana habari kwamba Mwalimu ameanza kufuga nyuki. Sikuwalaumu. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja: mzinga wa asali unaotundikwa mtini, na mzinga wa vita. Mimi nilikuwa natengeneza huo wa pili, na kwa kuwa nilikuwa nimestaafu ukuu wa shule tangu mwaka 2009, sikuwa na wa kumwomba ruhusa isipokuwa mke wangu, ambaye alitaka kujua jambo moja tu, nalo ni mahali litakapowekwa dude hilo likishakwisha.

Mzinga wenyewe sikuubuni. Ni mfano wa mmojawapo wa mizinga kumi ya manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, na vita vikuu vilipoanza haikukaa kimya. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Baadaye mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikaingia kujificha katika midomo ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuifuata kwa meli zao kubwa. Iliwabidi walete manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege zilizoruka kutoka Mafia ili kuwaelekeza wapigaji shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 mambo ya Königsberg yakaishia hapo topeni.

Nilipokuwa darasani nilizoea kufunga kitabu mahali hapo. Kengele ilikuwa karibu kulia, na watoto walikuwa wamekwisha kufurahi kwamba meli imezama. Sikujisumbua kuwaambia kwamba meli ilizama lakini mizinga haikuzama nayo. Wajerumani waliitoa yote kumi, wakaikokota hadi Dar es Salaam, na katika karakana ya reli wakaitengenezea vigari vyenye magurudumu. Mizinga ya baharini ikageuzwa ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, mwingine ukawa Kahe mwezi Machi 1916, mwingine Kondoa Irangi miezi miwili baadaye, na hadi vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, ngurumo ya mizinga hiyo ilikuwa bado inasikika kusini.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Mdomo wa mzinga ule una upana wa sentimita 10.5. Najua kwa hakika kwa sababu mwaka 2019 nilikwenda Mombasa, na ndani ya Fort Jesus nikaupima kwa rula ya shule huku mlinzi akinikazia macho. Urefu wa mtutu ni mara arobaini ya upana huo, yaani mita 4.2. Nikaamua kutengeneza moja ya tano yake. Hesabu ikanipa mtutu wa sentimita 84 na tundu la milimita 21, na hapo nikacheka peke yangu, kwa maana bomba la maji la robo tatu, lile linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, tundu lake ni karibu sawa na hilo. Nililaza bomba katikati ya vipande viwili vya mninga, nikavigandisha kwa gundi, nikavifunga kwa mipira ya baiskeli siku tatu, kisha nikampelekea fundi anayekereza miguu ya vitanda. Alikereza vizuri, mtutu ukawa mnene nyuma na mwembamba mbele. Hakuniuliza kitanda cha namna gani kina mguu mmoja.

Sehemu ya nyuma ndiyo iliyonitesa. Mzinga huu hufungwa kwa kizibo cha chuma kinachoteleza kwa ubavu, kama droo ya meza inavyoingia na kutoka. Looff, nahodha wa Königsberg, alipoiacha meli, vizibo hivi vilitupwa majini ili adui asije akaitumia mizinga. Halafu baadaye Wajerumani wenyewe wakazamia kuvitafuta. Changu nilikichonga kwa tupa kutoka kipande cha shaba, na mara mbili nilikiharibu kwa pupa. Cha tatu kilikaa. Ukikisukuma kwa kidole gumba kinaingia taratibu na kutoa mlio mdogo, tik, na mjukuu wangu amekisukuma mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Vigari vya karakana ya reli havikuwa na michoro niliyoweza kuipata, nami nikategemea picha za zamani. Katika mojawapo askari amesimama karibu na gurudumu. Nikamchukulia kuwa na urefu wa mita 1.7, nikampima kwa rula, nikampigia gurudumu hesabu kutokana naye. Nikakata mbao, nikachonga spoki moja moja, nikapiga msasa. Magurudumu yalipokuwa tayari, mzinga ukaonekana kama kuku aliyekatwa miguu. Nilirudi kwenye picha nikagundua kosa ambalo ningemchapa mtoto wa darasa la sita kwa kulifanya: yule askari amesimama mbele ya gurudumu, karibu zaidi na kamera, kwa hiyo anaonekana mkubwa kuliko alivyo na gurudumu linaonekana dogo. Kazi ya wiki tano ikaenda jikoni ikawa kuni. Mke wangu alisema ziliwaka vizuri.

Kumalizia ni kazi ya subira. Nyufa nilizijaza kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi. Nikapiga msasa mkavu, kisha msasa laini, nikapaka rangi ya kwanza nyembamba, nikaacha ikauke, nikapiga msasa tena, na hivyo mara nne kabla ya rangi yenyewe ya kijivu. Wenye haraka hupaka rangi nzito mara moja, na baada ya mvua moja kila kosa huonekana. Shaba nikaing'arisha kwa Brasso. Niliona fahari, sitaficha. Tena nilijiliwaza kwamba si mimi wa kwanza kuchonga mzinga wa mbao. Kule Ziwa Tanganyika, mizinga ya Götzen ilipohitajika kwingine, Wajerumani waliweka ya mbao mahali pake ili adui aendelee kuogopa. Meli yenyewe waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, na baadaye Waingereza wakaiibua, nayo ndiyo Liemba.

Mzinga ulipokaa sebuleni nikamwalika kaka yangu mkubwa kutoka Ikwiriri. Ni mzee kunizidi kwa miaka sita, hakusoma sana, na maneno yake ni machache. Aliuzunguka, akapapasa magurudumu, akakisukuma kizibo. Akasema, "Umetengeneza vizuri, mdogo wangu." Kisha akauliza, "Na mdogo wake babu umemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Babu yetu mzaa baba alikuwa kijana wa Rufiji mwaka 1915. Yeye na mdogo wake walichukuliwa kijijini wakavuta mizinga ile kutoka deltani. Haya tuliyajua tangu utotoni, lakini kwa vipande vipande, kwa sababu babu hakupenda kuyasema. Alisema walivuta wawili wawili, kamba begani, yeye kulia na mdogo wake kushoto. Alisema tope lilifika magotini na aliyeanguka alitolewa njiani ili wengine wapite. Mzinga mmoja, mtutu peke yake bila kigari, ulikuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Walipofika Dar es Salaam babu alitoroka usiku. Alimwamsha mdogo wake, mdogo wake akaogopa, akasema atafuata kesho. Huyo ndiye hakurudi. Kama alikwenda Kahe, au Kondoa, au kusini, hakuna ajuaye. Askari walikuwa na daftari la majina. Wavutaji hawakuwa nalo, na hata hao wa upande wa Waingereza, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi hawana kaburi, ila jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, tunakokwenda kununua nyanya.

Mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nimempima askari wa kwenye picha ili nipate gurudumu, na yule aliyelifanya gurudumu lizunguke nikamsahau, tena akiwa damu yangu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuchonga watu. Kwa kipimo changu mtu mmoja angekuwa na sentimita 34, na nilichonga wawili, wakatoka wabaya, na sura zao zikawa za kuchekesha. Hilo halikustahili. Ndipo nikaingia kwenye hesabu, ambayo ni kimbilio langu la siku zote. Mzinga mmoja ulivutwa na mamia ya watu. Tuseme 400. Wakiwa wawili wawili ni jozi 200, na kila jozi ikichukua mita moja na nusu ya kamba, msafara ni mita 300. Moja ya tano yake ni mita 60.

Nilinunua kamba ya katani mita 60, nikaifunga kwenye mkia wa kigari, nikaanza kuinyoosha. Ilitoka sebuleni, ikavuka baraza, ikapita uani kwenye mnazi, ikatokea kichochoroni, ikapita nyumba ya jirani anayeuza mkaa, ikaishia ng'ambo ya barabara karibu na bomba la maji. Akina mama waliokuwa wakisubiri zamu ya kuteka maji walisogeza ndoo zao kunipisha. Mmoja akauliza, "Mwalimu, unavuta nini?" Nikamwambia aifuate kamba akaone. Aliifuata, na wengine wakamfuata, na hiyo jioni sebule yangu ilijaa watu ambao hawajawahi kuuliza habari ya Königsberg.

Sasa natia fundo kila baada ya sentimita 30, fundo moja kwa kila jozi. Kaka huja siku za Jumamosi kunisaidia, maana vidole vyangu vina baridi yabisi. Aliniuliza babu na mdogo wake walikuwa kwenye fundo la ngapi, karibu na mzinga au mbele. Babu hakusema, nasi hatukumwuliza alipokuwa hai. Tumekubaliana tusilitie alama lolote. Hadi naandika haya tumefika fundo la 131.