Hamu ya Kupunguza Mwili Inatoka Wapi?



Leo naomba tuzungumzie kitambi. Msicheke. Karibu kila mtu ninayemfahamu anajua kwamba kitambi si rafiki wa moyo. Anajua soda ni sukari tupu, anajua chipsi mayai ya saa nne za usiku si chakula cha kwenda nacho kitandani, na anajua kutembea kwa miguu ni dawa isiyouzwa. Kwa hiyo tatizo letu si elimu. Tatizo ni ile hamu ya kuanza, na kubwa zaidi ni hamu ya kuendelea wiki ya tatu, wakati moto wa mwanzo umeshazima na mvua inanyesha alfajiri.

Sisi waandishi wa habari tumo hasa. Unakaa mbele ya kompyuta mpaka gazeti liende mtamboni, unakula saa usizozipanga, na ukitumwa kwenye semina kuna chai ya saa nne na sambusa, halafu chakula cha mchana na soda juu yake. Mimi miaka 30 sijafika na mkanda wangu umeshahama matundu mawili. Ndipo nikaanza kusoma historia, maana ndiyo niliyoizoea tangu chuo. Nilitaka kujua watu waliofanikiwa zamani waliipata wapi hiyo hamu. Nilichokikuta si nilichotarajia.

Tuanze London, miaka ya 1860. Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa William Banting, msimamizi wa mazishi. Familia yake ndiyo iliyokuwa ikizika wakubwa wa Uingereza, akiwemo Duke wa Wellington mwaka 1852 na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861. Mzee huyu alikuwa mfupi, kama sentimita 165, na mwaka 1862 alikuwa na uzito wa kilo 92 hivi. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alizishuka kinyumenyume ili kuokoa magoti na vifundo vya miguu. Watu mitaani walimcheka, naye akawa anakwepa mikusanyiko.

Sasa angalieni jambo hili. Kama aibu ingekuwa inapunguza mwili, Banting angepungua zamani. Alichekwa kwa miaka mingi na aliendelea kunenepa. Wala si kwamba hakujaribu. Rafiki yake daktari alimshauri afanye mazoezi, akawa anapiga makasia asubuhi saa nzima na zaidi. Alipata nguvu, lakini alipata pia njaa ya ajabu, akala zaidi. Alijaribu maji ya chemchemi, akajaribu mabafu ya mvuke. Wapi!

Kilichombadilisha kilitoka sikioni. Alianza kutosikia vizuri, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey. Daktari huyu aliwahi kuhudhuria mihadhara ya mwanasayansi Claude Bernard mjini Paris kuhusu kisukari na ini, na akahisi kwamba unene ndio unaobana masikio ya mzee. Akampa orodha fupi: acha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kula nyama, samaki, mboga na matunda. Basi. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua kilo 21, akashuka ngazi kama watu wengine, na masikio yakapata nafuu. Mwaka 1863 aliandika kijitabu kuhusu mkasa wake, akakichapa kwa fedha zake na kugawa bure. Kilienea mpaka jina lake likageuka kitenzi. Hadi leo Waswidi wakitaka kusema mtu anapunguza mwili husema "banta".

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu aache mkate, na mwenye maradhi aende akamwone daktari wake kwanza. Ninachokiona mimi kwa Banting ni hiki: hamu haikuja kwa kuchekwa. Ilikuja alipopata sababu iliyogusa maisha yake ya kila siku, na mtu wa kumwonyesha hatua moja iliyo wazi.

Tuvuke bahari twende New York, mtaa wa Queens, mwaka 1961, takriban miaka mia moja baadaye. Mama mmoja wa nyumbani, Jean Nidetch, ana miaka 38 na kilo 97. Siku moja dukani jirani akamsifu alivyopendeza, kisha akamuuliza mtoto anazaliwa lini. Jean hakuwa na mimba. Ilimuuma, akaenda kwenye kliniki ya wanene ya Idara ya Afya ya jiji. Alipewa mpangilio wa chakula, akaufuata, na katika wiki 10 akapungua kilo 9.

Halafu ikaja ile wiki yetu ya tatu. Hamu ikaanza kukatika. Alikuwa akificha biskuti na kuzila kwa siri, na kule kliniki hakuthubutu kumwambia mtaalamu. Kwa hiyo akafanya jambo dogo sana: aliwaita nyumbani kwake marafiki sita, wote wanene kama yeye, akawaeleza habari ya biskuti. Nao wakaeleza za kwao. Mmoja anaficha hiki, mwingine anakula kile usiku wa manane. Wakakubaliana kukutana kila wiki. Baada ya muda mfupi nyumba ikajaa watu. Mwaka 1962 Jean alikuwa amefika kilo 64, na mwaka 1963, akishirikiana na mume na mke walioitwa Lippert, alianzisha kampuni ya Weight Watchers. Kampuni ya vyakula ya Heinz iliinunua mwaka 1978. Mama huyu alifariki dunia mwaka 2015 akiwa na miaka 91.

Mpangilio wa chakula haukuwa wake, aliupata kliniki ya serikali. Yeye aliongeza viti sebuleni. Ule mkutano wa wiki ndio uliokuwa mtambo wa kuzalisha hamu, maana hata kama wewe wiki hii huna, jirani yako anayo, na wiki ijayo mtabadilishana.

Habari ya tatu itawafurahisha wapanda daladala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, ngazi kati ya 500 na 750 kwa zamu moja. Mwaka 1953 walitangaza matokeo katika jarida la Lancet: makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Watu hao walifanya kazi kwenye basi moja na kuvuta hewa moja.

Wabishi wakauliza, je, pengine watu wanene ndio wanaochagua udereva? Morris akaenda kwenye rekodi za sare, akapima ukubwa wa suruali! Mwaka 1956 alieleza kwamba kweli madereva walivaa viuno vikubwa zaidi. Lakini hata dereva mwembamba alikuwa katika hatari ya kufa ghafla kwa moyo kuliko kondakta mwembamba. Maana yake mizani haisemi yote. Mwili usiotembea unaumia hata kama suruali inakaa vizuri.

Na hapa ndipo nilipotulia nikafikiri sana. Wale makondakta hawakuwa na hamu yoyote ya mazoezi. Hakuna aliyeamka asubuhi akajisemea leo napanda ngazi 600 kwa ajili ya moyo wangu. Walikuwa wanatafuta riziki. Ngazi zilikuwa njiani mwao, wakazipanda. Kumbe kuna afya inayokuja bila hamu kabisa, ikiwa tu mazoezi yamewekwa mahali ambapo huwezi kuyakwepa.

Habari ya nne inaunganisha zote. Mashariki mwa Finland kuna mkoa wa North Karelia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa huko walikuwa wakifa kwa moyo kwa viwango vya juu kabisa duniani. Walikuwa wakulima na wakata magogo, watu wa shoka, lakini walikula siagi kwa wingi, chumvi kwa wingi, na walivuta sigara. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa waliiandikia serikali wakiomba msaada. Mwaka 1972 mradi ukaanza, na aliyekabidhiwa kuuongoza alikuwa daktari kijana, Pekka Puska, mwenye miaka 27. Rika letu hili!

Puska na wenzake hawakuishia kutoa vipeperushi. Walikwenda kwa akina mama wa chama cha Martta, wakapika pamoja nao supu ya kienyeji iliyopunguzwa mafuta na kuongezwa mboga. Vijiji vilishindanishwa kushusha kolesteroli. Viwanda vya maziwa na watengeneza soseji walishawishiwa kubadili bidhaa zao. Kwa miongo iliyofuata, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika mkoa ule vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Matibabu nayo yaliboreka na Finland nzima ilishuka, hilo ni kweli, lakini mkoa uliotangulia ni ule uliohangaika pamoja.

Turudi nyumbani sasa, maana sisi tuna mzigo mwingine ambao Banting na Jean hawakuwa nao. Kwetu kunenepa ni pongezi. "Umenawiri!" Kitambi ni ushahidi kwamba mambo yamekunyookea. Na kupungua je? Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka vizuri. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa mkoani Kagera, ambako watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya wakati ule. Kwa miaka 20 iliyofuata, kukonda kulikuwa ni kama barua ya kifo iliyosomwa na mtaa mzima. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Woga ule ulikuwa na sababu zake, watu walizika watoto wao.

Lakini woga umebaki wakati mambo yamebadilika. Mpaka leo ukipungua kilo tano, shangazi anakuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa?" Ndiyo maana mtu anaanza mazoezi Januari na kuacha Machi, pale pongezi zinapogeuka minong'ono. Wakati huohuo takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 katika utafiti wa 2015-16. Shinikizo la damu na kisukari havina minong'ono. Vinaingia kimyakimya.

Habari njema ni kwamba sebule ya Jean Nidetch sisi tunayo, tena ya siku nyingi. Nani hakukimbia mchakamchaka shule ya msingi? Alfajiri, umande miguuni, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia. Hakuna aliyeulizwa kama ana hamu. Wimbo ndio uliobeba miguu. Na leo ukiamka mapema mwisho wa wiki pale Temeke au Mbagala utakutana na klabu za jogging, fulana za rangi moja, wazee kwa vijana, ngoma na filimbi mbele. Mwezi Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua utaratibu wa watu kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Siku moja kwa mwezi haitoshi kumaliza kitambi, lakini anayekimbia katikati ya watu 200 hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Kundi linampa ruhusa ya kupungua.

Kwa hiyo jibu langu, baada ya kusoma kote huko, ni kwamba tumeipanga hamu mahali pasipo pake. Tunaingoja ije kwanza ndipo tuanze. Banting alianza kwa orodha ya daktari, Jean kwa marafiki sita, makondakta kwa ngazi za kazini, na Wafini kwa sufuria ya supu ya kijiji. Hamu ilifuata nyuma.

Kama na wewe umekuwa ukiingoja, acha kuingoja. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Mtafute mtu mmoja, jirani au mfanyakazi mwenzako, mpange siku na saa, na mwambiane ukweli kuhusu biskuti. Na ukimwona ndugu yako amepungua huku macho yake yanang'aa, usimuulize anaumwa nini. Muulize klabu yao inakimbia saa ngapi.